Maji ya Mara ya Nne

Kila Bonane, siku ya Mwaka Mpya, ndagala napika mimi. Binti yangu Eliana huja kutoka Bujumbura na kuku, mchele na kreti ya Fanta, lakini hata yeye akishuka garini huuliza kwanza, "Mama, ndagala ziko?" Ni dagaa wa hapa ziwani, nazinunua ufukweni, zile zilizoanikwa juu ya mchanga. Marehemu mume wangu, Lameki, alisema hizo ndizo zenye utamu. Kazi ni kuziosha tu. Unaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ukiona chini ya beseni bado pana mchanga, unaosha tena.

Ukiona. Hapo ndipo penye shida yangu.

Tangu mvua za mwaka jana macho yangu yameingia ukungu. Mtu akisimama mlangoni ni kama ninamtazama kupitia moshi wa kuni mbichi. Najua ni mtu, najua urefu wake, uso siuoni. Sikumwambia yeyote. Nilijifunza kuhesabu hatua kutoka jikoni hadi bombani, na kutambua watu kwa mwendo na kikohozi. Mwezi wa sita niliteleza kwenye ngazi ya nyuma. Eliana alikuja siku hiyo hiyo, akanifunga mguu, kisha akasema kwa ule upole wake usiobishwa, "Jambo moja tena kama hili, Mama, moja tu, unahamia kwangu."

Ananipenda, na ndiyo maana namwogopa. Rafiki yangu Ernestina wa hapa hapa Minago alichukuliwa na watoto wake hivyo hivyo, kwa wema. Walisema ni kwa muda. Nyumbani kwake sasa wanakaa wapangaji, na yeye alirudi mara moja tu, kuzikwa. Mimi mahali hapa nilipakimbia nikiwa msichana wa miaka kumi na minne, nikakaa Tanzania miaka thelathini na sita, nikarudi na mume na watoto wakubwa. Lameki amelala nyuma ya michikichi yetu. Kila asubuhi naenda kumsalimu, na njia hiyo haihitaji macho.

Asubuhi ya Bonane hii Jovita, mke wa mwanangu Meshaki, aliondoka mapema na kwaya kwenda kanisani. Nyumba yao na yangu zinatazamana. Siku nyingine zote, nikiosha ndagala, yeye hutokea na kusema, "Lete beseni, Mama, nikumwagie maji." Huenda nalo nyuma ya nyumba, akakawia kidogo, akanirudishia. Siku hiyo sikutaka kumsubiri. Niliosha mara tatu, nikainama juu ya beseni, nikaona weupe, kama ninavyoona kila kitu. Nikasema zimetakata. Nusu nikazipika kwa mawese, nyanya na pilipili. Nusu nikaziacha kwenye maji kwa ajili ya jioni.

Mchana tuliketi sote barazani, wakubwa kwa watoto, tukizunguka ugali wa muhogo, kuku na sombe ya majani ya muhogo. Meshaki alikuwa akimchokoza dada yake.

"Kula, mtu wa mjini. Huko kwenu samaki wanalala kwenye friji mpaka wanasahau ziwa."

"Na wewe unayelala na ziwa mlangoni, mbona mpaka leo hujui kuogelea?"

"Nangoja maji yapande yenyewe. Hayako mbali."

Wakacheka, wakamega tonge, wakachovya kwenye ndagala.

Ndipo nikasikia meno. Krr, upande wa Meshaki. Krr, upande wa watoto. Chanceline, mtoto wa Eliana mwenye miaka minane, akasema, "Mama, iko muchanga."

"Kula," Eliana akamwambia chini chini.

"Tamu kabisa," Meshaki akasema, akamega tonge kubwa zaidi, nikamsikia akilitafuna kwa bidii kama mtu anayelipwa. Nilionja langu. Ilikuwa kama nimeuma ukingo wa ziwa.

"Mama," Eliana akaanza. Naijua sauti hiyo. Alikuwa akiunganisha mambo, ngazi na sasa hili. "Mama, hizi ndagala aliosha nani?"

"Mimi, wifi," akasema Jovita. "Nilikuwa na haraka ya kanisa."

Eliana akamgeukia. "Siku moja kwa mwaka, wifi. Watu wanatoka Bujumbura, na wewe unawalisha ufuko?"

"Unisamehe."

"Si chakula tu. Mimi kule nalala usingizi kwa sababu najua wewe uko hapa na Mama. Kumbe una haraka."

Meshaki alikohoa, akaishia hapo. Alijua mke wake alitoka nyumbani kabla sijawasha moto. Nami nilijua, nikanyamaza. Tonge lilikuwa mkononi. Nikalimaliza, pamoja na mchanga wake.

Vyombo vilipoondolewa watoto wakataka mchezo wa kitambaa. Mchezo huu tulitoka nao Tanzania. Mwaka mmoja sikukuu ilitukuta na uji tu, na uji wenyewe haujaiva, na watoto wanalia. Lameki akanivua kitambaa changu cha kichwa, akanifunga nacho macho, akawaambia watoto, "Mpeni mkono bila kusema. Akikosea jina, anacheza ngoma." Tangu hapo hakuna Bonane bila kitambaa. Nikipatia, mtoto anapata bombo, peremende moja. Nikikosea, nacheza.

Chanceline akanifunga. Nilistarehe. Chini ya kitambaa mimi na watu wengine wote tuko sawa.

Walileta hila zao za kila mwaka. Mmoja alipaka mafuta, mwingine alivaa bangili ya mwenzake. Niliwataja mmoja mmoja. Meshaki alileta mkono wake mzito, akaulegeza uwe kama wa mtoto. "Huyu," nikasema, "ni yule asiyejua kuogelea." Walicheka mpaka mmoja akamwaga Fanta.

Mkono wa mwisho ulichelewa kuja. Ulikuwa wa baridi, umelowa, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda majini. Niliupapasa. Chini ya kucha kulikuwa na punje za mchanga.

Alikuwa ametoka kuosha zile ndagala za jioni. Hapo nikaelewa beseni lilipokuwa likienda, miezi yote ile, nyuma ya nyumba.

"Bibi amekwama," watoto wakaimba. "Bibi acheze, Bibi acheze."

"Huyu ni Jovita," nikasema.

Wakapiga makofi. Chanceline akashika fundo anifungue.

"Liache kwanza, mjukuu wangu." Mkono wa Jovita ulitaka kutoka, nikaushika. "Jovita hakuosha ndagala. Alikuwa kanisani. Niliosha mimi, na mchanga sikuuona, kwa sababu sioni. Ni mwaka sasa. Yeye amekuwa akirudia kazi yangu bila kuniaibisha, na leo nimekaa nikamsikiliza akigombezwa."

Ilikuwa rahisi kusema hivyo nikiwa nimefungwa. Hapakuwa na uso niliotakiwa kuutafuta.

Kisha mkono wa Jovita ukaondoka, ukaja mwingine wenye kovu la uji wa moto karibu na kidole gumba. Eliana aliungua akiwa na miaka mitatu.

"Wifi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ungemchukua," Jovita akasema.

"Ningemchukua, ndiyo. Na kesho asubuhi namchukua. Kuna daktari wa macho. Labda ni ukungu wa kuondolewa tu."

"Na kama siyo?" Meshaki akauliza.

Eliana alinifungua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani mwangu. Baadaye nikamsikia akisema, "Wifi, nimekusema vibaya mbele ya watoto."

"Ulisema nawalisha ufuko," Jovita akajibu. "Si mmeula?"

Meshaki akacheka, peke yake.

Jua likiwa bado juu, Eliana aliweka sanduku lake wazi kitandani kwangu. "Weka nguo zako zote, Mama. Usiache kitu."

Niliweka vitenge viwili. Kile cha kanisani nilikiacha kwenye msumari wake. Nilimsikia akisogea, akakitoa, akakikunja. Akasimama nacho muda mrefu. Nje, Jovita alikuwa akimwaga maji.

Halafu nikasikia kitenge kikikunjuliwa, na msumari ukalia kidogo ukutani, kimerudi mahali pake.

Hakusema nitarudi lini, nami sikumuuliza. Nilifunga sanduku, likafungika kwa urahisi, kwa kuwa halikuwa na kitu ila vitenge viwili.