Diski Sita za Védaste

Védaste alikuwa na diski sita tu za michezo ya video, na hizo sita ndizo zilizolisha nyumba yake pale Mubi. Waendesha pikipiki na wachimbaji madini walijazana kibandani kwake kila siku, wakinyang'anyana manette za kuchezea. Halafu Élie, wakala wa kampuni moja ya michezo, akaja kutoka Goma na maneno yake matamu.

"Papa Védaste, diski njo mambo ya zamani. Kamata abonema. Unalipa ya mwaka, michezo mia moja ya ku mtandao iko yako."

Uwamwezi, mke wa Védaste, aliguna. "Iko yako, ao iko yao?"

Jamani, swali zuri kama hilo, naye akalipuuza! Nguo ya kuazima haisitiri matako, na Védaste alilijua hilo kuliko wote. Si yeye aliyechunga ng'ombe wa tajiri kule Mushaki miaka minne, maziwa akinywa yeye, ng'ombe akibaki wa mwenyewe? Siku tajiri alipomchukua ng'ombe wake, Védaste aliapa hatatunza tena kitu cha mtu. Kumbe! Aliuza diski zote sita kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, akalipia abonema ya mwaka mzima.

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Mwezi wa nne, Jumapili ya fainali, waendesha pikipiki dhidi ya wachimbaji, kibanda kimefurika mpaka barabarani, mchezo wa mpira ukakataa kufunguka. Mtandao ulikuwepo. Abonema ilikuwa hai. Mchezo wenyewe ndio ulioondolewa. Watu wakamzomea, wakavuka barabara kwenda kwa yule aliyenunua diski zake. Goli la kwanza Védaste alilisikia kutoka huko, akiwa amekaa na viti vitupu.

Akampigia Élie simu.

"Papa, kampuni imetoa ule muchezo. Mukataba yao na wenye muchezo imeisha. Lakini iko mingine tisini na kenda!"

"Watu wanataka mupira, wewe unaniletea hesabu! Mimi nililipa mwaka!"

"Ulilipia kucheza, Papa. Haukununua."

Wizi gani huu, mwizi anakusomea mkataba huku anabeba? Uwamwezi akaanza kuvirudisha viti ndani.

"Sikiliza, Élie. Yule tajiri wa Mushaki alikuwa muntu mubaya. Lakini siku alikuya kubeba ng'ombe yake, aliniachia ndama. Nyinyi munaniachia nini?"

Élie akamwambia kwamba mwaka wa pili kuna punguzo la bei.