Almirante na Supu ya Mkunga

Tauni ya paka ilipopanda kilima chao pale Valparaíso, Bi Zunilda alifunga madirisha, akamkumbatia paka wake Almirante. Alikuwa mjane, na baada ya marehemu mumewe hakubakiwa na mwingine ila paka huyo wa kugombana naye mezani. Chanjo alikuwa akiiahirisha kila mwaka. Paka anayekunywa supu ya samaki mkunga, alisema, sindano ya nini? Na juzi tu Almirante alilala shavu kwa shavu na paka wa muuza mikate, ambaye sasa amezikwa chini ya mwaridi.

Akamtia kikapuni, akateremka ngazi hadi kwa Dokta Millaray. Dokta akamtoa damu, akapima, akacheka.

"Futa machozi, mama. Kingamwili zimejaa tele. Kirusi kikiingia humu kinakuta askari wameshajipanga."

"Na hajachanjwa!"

"Basi aliugua akapona. Au kuna mtu kamchanja."

"Mtu gani? Ni supu!"

Akapanda ngazi akitangaza mlango hadi mlango. Akina mama wakaanza kuchungulia na bakuli mikononi, wakiomba supu ya paka wao. Hapo Mzee Eleodoro, fundi saa wa nyumba ya juu, akatoa kichwa dirishani.

"Supu gani, wewe mwanamke? Huyo ni Pirata wangu! Nilimpeleka kuchanjwa mwenyewe. Tazama mkono huu alivyonichana!"

"Pirata? Huyu analala kwangu!"

"Usiku, ndiyo. Mchana anapita paani, anakula dagaa kwangu. Mnene vile ulidhani ni hewa?"

Bi Zunilda akakishika kikapu kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Kumbe tauni imemwacha, anamchukua jirani!

"Humpati," akasema.

Mzee akamtazama, akajikuna kovu la mkono.

"Nani anamtaka mchana na usiku? Ila chanjo ya kurudia imefika, na mimi peke yangu simuwezi tena."

Bi Zunilda akapangusa pua. Akawageukia wenye bakuli.

"Mmesikia? Ni sindano. Wapelekeni wenu. Supu mtakunywa nyinyi."

Kisha akapaza sauti juu: "Haya, shuka. Mimi nashika kichwa, wewe miguu."

"Kwa nini mimi miguu?"

"Kwa sababu mkono wako umeshazoea."