Injini Inayowaka Mara Moja

...Élysée ndiye aliyemwambia kwanza, shemeji yake Élysée, kabla hajaenda kusoma Bukavu na kuacha kompyuta yake hapa dukani, kwamba kitu hakikai juu kwa sababu kimepanda sana, kinakaa juu kwa sababu kinaanguka kwa mbio na kila kikianguka kinaikosa ardhi, na Olga alicheka kiganja kikiwa mdomoni, maana mtu anaikosaje ardhi, lakini sasa roketi yake ya mchezo iko pale kwenye kioo cha kompyuta, kipande cha chini kimemaliza mafuta na kimeachwa kianguke, kipande cha juu kinaelea bila moto juu ya bahari, kinapanda kwa nguvu ya mwanzo tu, kitachoka, kitarudi, na yeye ana dakika chache kabla ya kuwasha injini ya pili, ile inayowaka mara moja, ikikataa imekataa... "Mama Kétsia, sweta ya mutoto iko wapi?" Jacques anauliza nyuma ya magunia ya chumvi, "ile ya njano, kule Butembo baridi iko mingi," na Olga anamjibu mumewe kwamba iko kwenye kamba barazani, haijakauka, na sauti yake inatoka ndogo, mvua inaipita juu ya mabati, Jacques anauliza tena... haijakauka, na labda isikauke, labda mvua inyeshe usiku kucha na gari lizame kwenye matope huko njiani, hapana, si vizuri kumwombea mama mkwe matope, Mama Kavugho hajamkosea kitu, leo amelala Walikale kwa dada yake, kesho asubuhi anafika hapa Mubi kumchukua Kétsia aende naye kwake Butembo, kwa sababu kwao mtoto wa kwanza akiacha ziwa anakwenda kulelewa na bibi yake, ndivyo Jacques mwenyewe alivyolelewa, na hakuna aliyemlazimisha Olga, walimuuliza, simu ilikuwa wazi juu ya meza na Jacques akasema, "Na weye unasema nini?" na yeye akafungua mdomo, maneno yote yalikuwemo, yakaelea humo ndani kama makapi ya maharage majini, hakuna hata moja lililotoka, na mama mkwe akasema kule ndani ya simu, "Njo vile, amekubali," wakaanza kuongea bei ya sabuni... "Mama Kétsia, na leo utaiangusha?" huyo ni Apollinaire, motari, mbeba abiria kwa pikipiki, amejikunyata mlangoni akingoja simu yake ijae umeme na mvua ipungue, "ile fusée yako na moto yangu ni ndugu, zote zinapenda kulala ku potopoto ya barabara," na Jacques anacheka, na Olga naye anatabasamu bila kugeuka, kwa sababu ni kweli, roketi zake zote zimeanguka, mwanzoni alikuwa anazipeleka juu wima kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo, zinapanda, zinapanda, kisha zinarudi kichwa chini, mpaka alipokumbuka mama yake na mtungi wa maji kwenye vilima vya Mweso, mama hakukipanda kilima kwa kukitazama usoni, alikizunguka, alikilalia ubavu, Olga mgongoni, mzigo kichwani, hata siku ile ya kukimbia vita, watu wanapiga kelele tupa mizigo, tupa, na mama akautupa mtungi, akatupa maharage, akatupa blanketi, mgongo hakuutupa... kwa hiyo sasa anailaza roketi mapema, kidogo kidogo, hilo ameliweza, lakini injini ya pili haimkubali, na Élysée alimwonya, mchezo wenyewe ulikuwa rahisi, dunia yake ilikuwa ndogo kama chungwa na injini ziliwaka kila ukibonyeza, ndipo akauongezea programu nyingine zinazoipa dunia ukubwa wake iliopewa na Mungu, na hewa uzito wake, na mafuta tabia yake ya kweli, sasa kukaa juu kunataka mbio za kutoka hapa mpaka Hombo, mbali kule, kabla mtu hajamaliza Salamu Maria, "Shemeji, hapo hakuna kubembeleza," alisema, "mafuta yakielea ndani ya tangi, injini inakunywa hewa tu, inakufa," na hata akamwekea roketi ndogo nne ubavuni mwa kile kipande, na Olga akazipanga zifuate, injini kubwa iwake kwanza, zile ndogo nyuma yake, mbona ni wazi, mkubwa anatangulia, mkubwa ananawa kwanza, anaketi kwanza, anafungua maneno kwanza, mdogo anakuja nyuma kusaidia... kipande cha juu kimekaribia kilele, kinapunguza mwendo, Kétsia anajinyoosha mgongoni, kitenge kimelegea, mtoto anayumba huku na huku, mguu mmoja nje, kichwa kwenye kwapa, na Olga ananyanyuka nusu kwenye kiti bila kufikiri, anainama, anamrusha juu kidogo, puu, mtoto anateremka, anakaa vizuri chini ya kitenge, ndipo anakaza fundo, maana hakuna mama anayekaza kitenge mtoto akiwa hewani, ukikaza hivyo umemfunga shingo, kwanza unamrusha kidogo, kidogo tu, akae, ndipo nguvu... na mikono yake inabaki palepale kwenye fundo. Kidogo kwanza. Akae. Ndipo nguvu. Hizo ndogo si za kufuata, ni za kuyasukuma mafuta yateremke yakae chini ya tangi, kwenye mdomo wa injini, na Élysée alisema hivyohivyo, alisema wazi, yeye ndiye aliyesikia akapanga kwa adabu ya nyumbani, na hata siku ya simu labda maneno hayakuwa machache, yalikuwa yanaelea tu, akangoja mkubwa awashe kwanza... "Unaiwasha, ao unangoja ifike Hombo yenyewe?" Apollinaire anasema, na Olga anaikamata picha ya zile roketi ndogo pembeni mwa kioo, anaiburuta, anaipandisha juu ya picha ya injini kubwa, zitangulie, anabonyeza, na cheche nne zinatoka, dhaifu kabisa, kama za kiberiti kilicholoa, kipande kinasogea kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake, anabonyeza tena... imewaka. Imewaka, na haizimi, namba za mwendo zinapanda, na kwenye ramani ule upinde uliokuwa unaangukia baharini unarefuka, unavuka bahari, unapita nyuma ya dunia, haushuki, haushuki, na ncha yake inarudi upande huu wa pili polepole, inautafuta mwanzo wake, inaugusa. Duara. Anazima injini. Hakuna sauti. Inaanguka, inaanguka tu, na ardhi inaipisha. "Iko namna gani?" anauliza Jacques, amesimama nyuma yake na mfuko wa mtoto mkononi, na Olga anasema, "Imekaa," na Apollinaire anasema, "Kumbe!" na mvua bado iko palepale juu ya mabati, magunia palepale, sweta ya njano bado imelowa kwenye kamba, na Kétsia mgongoni ni mzito, amekaa chini kabisa.

Asubuhi gari lilipopiga honi, Jacques alikuwa anatafuta viatu vyake, naye ndiye hutangulia kila mara kumpokea mama yake. Olga hakumngoja. Alimpandisha Kétsia mgongoni, akainama, akamrusha kidogo, mtoto akakaa, akakaza, akatoka kwenye matope, na Mama Kavugho alikuwa ameteremsha mguu mmoja tu, mwingine ungali ndani ya gari. "Karibu, Mama," Olga akasema, kisha akavuta pumzi. "Njia ilikuwa namna gani?" Akapokea mfuko wake. "Kétsia hataenda, Mama. Siku nitakuja kukusalimia huko, nitakuja naye. Chai iko tayari." Mama Kavugho akabaki ameshika mlango wa gari, akamtazama, akamtazama mwanawe aliyekuwa anakuja na kiatu kimoja. "Jacques," akasema, "kumbe muke yako iko na sauti?" Olga alikuwa amekwisha kugeuka, mfuko mkononi, mtoto mgongoni, akaongoza njia kuelekea nyumbani, akipita pembeni, kwenye ubavu wa barabara, ambako matope hayakuwa mengi.