Hatua Nne Nyuma ya Sauti

Tupokigwe alimwambia Brightson mara mbili, tena kwa utulivu: sauti ya gitaa haipimwi kwenye ubeti, inapimwa kwenye chemko. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji asimulie kisa chake. Chemko, sehemu ya kasi, likifika, mpigaji wa solo huzitandika nyuzi. Aliyekulia Mwananyamala jirani na ukumbi wa dansi, kama yeye, hahitaji kufundishwa hilo. Brightson, mwenye studio hii ya Sinza, alikulia kwenye kompyuta.

"Sista, mie naheshimu gitaa lako. Na wewe heshimu mashine yangu." Akaigonga kwa kidole priampu yake mpya, kisanduku kinachokuza sauti ya maikrofoni ya gitaa kabla haijaingia kwenye kompyuta. "Hii haikosei."

"Haikosei. Anayeizungusha je?"

Brightson akacheka. Akaizungusha hadi ubeti ukamridhisha, akaiacha hapo hapo.

Walirekodi pamoja, chumba kimoja, kama mwimbaji, Mzee Abdulrahman, alivyozoea: yeye na maikrofoni yake, Tupokigwe na spika ya gitaa, nayo ina maikrofoni yake, hatua nne mbele ya mzee, ili sauti na gitaa viitikiane. Kesho yake mzee alikuwa anapasuliwa koo. Daktari hakumwahidi kwamba ataimba tena, na pumzi aliyobaki nayo ilitosha wimbo huu mmoja.

Mzee akaimba, hakubakiza kitu. Chemko likafika. Taa nyekundu ya priampu, inayoonya kwamba sauti imezidi, ikawaka, haikuzima. Tupokigwe aliiona, lakini kuacha kupiga kungekuwa kumkatiza mzee. Akapiga hadi mwisho, meno yameumana.

Mzee akaketi, mkono shingoni. Brightson akafungulia walichorekodi. Sauti ya mzee ilikuwa nzima. Gitaa, tangu chemko, lilikwaruza kama bati linaloburutwa barabarani.

"Ungepiga taratibu kidogo, sista. Ila usijali, nalitoa, naweka gitaa la kinanda."

"Kinanda ndicho alichokuwa anakiitikia mzee?"

Brightson akaanza kutafuta sauti ya kinanda kwenye kompyuta. Tupokigwe akafikiri. Spika yake haikukwaruza hata kidogo. Iliyozidiwa ni priampu ya maikrofoni iliyokuwa mbele ya spika. Na maikrofoni ya mzee, iliyopimwa sawasawa, ilikuwa hatua nne tu; lazima nayo ililinasa gitaa.

"Futa gitaa langu lote. Iache maikrofoni ya mzee peke yake, uipandishe."

Nyuma ya sauti ya mzee gitaa likasikika: dogo, safi, kila jibu mahali pake.

"Si unaona?" Brightson akatabasamu. "Nilikwambia tutarekebisha. Tena lina ladha ya zamani."

"Hujarekebisha kitu. Umeniweka hatua nne nyuma ya wimbo wangu, na nitabaki hapo kila utakapopigwa. Mtu akikuuliza, usimwambie ulikusudia."

Mzee, asiyetaka kuitumia tena sauti, alizungusha kidole hewani.

"Anasema uufungulie tena," Tupokigwe alisema. "Na mkono wako uutoe kwenye hicho kisanduku."