Hema la Saba

Chemutai alikuwa mtu wa orodha. Alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama katika kituo cha kuuzia majani chai pale Boito, na hata harusi za watu aliziandikia orodha bila kuombwa. Basi tetemeko lilipopita Jumatano asubuhi na kuangusha nyumba za udongo walimopanga wafanyakazi wa kiwanda ng'ambo ya mto, hakungoja serikali iamke. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na ilipogonga saa nane mchana akina mama kumi na wanne walikuwa wameshavuka daraja, vikapu vya kuchumia chai mgongoni, ndani mna unga, kabeji, mablanketi na maziwa ya mursik kwenye vibuyu. Mahema saba yaliazimwa kanisani. Yalisimamishwa kwenye uwanja wa shule, kwa kuwa madarasa yalikuwa na nyufa na hakuna aliyethubutu kuingia.

Kila familia hema lake, ndivyo alivyopanga. Hema la saba aliliandika jina la Phelix Ogada, fundi wa kiwanda. Humo wangelala Phelix, watoto wake watatu, na Mama Wilkista, mama ya mke wake, aliyekuja kutoka upande wa ziwa kumsaidia binti yake aliyejifungua. Binti mwenyewe, Akello, alikuwa hospitalini Kericho na kitoto chake, mguu uliovunjika kwenye tetemeko umefungwa plasta. Chemutai aliitazama orodha yake na kuridhika nayo kabisa.

Tatizo ni kwamba Mama Wilkista hakuingia. Siku mbili, usiku na mchana, alikaa mlangoni juu ya karai lililopinduliwa, blanketi kichwani, akikohoa. Ijumaa asubuhi muuguzi wa zahanati alimpima kifua na kumvuta Chemutai kando. Alimwambia huyu mama akinyeshewa usiku mmoja tu mwingine, watampoteza.

Na mvua ya Boito haikosi miadi. Kufika saa tisa wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mashamba ya chai.

"Maziwa yetu anakunywa, lakini tenti yetu hataki," Chemutai alimlalamikia Janeffer, rafiki yake.

"Labda inanuka kanisa," Janeffer akasema, akiendelea kumenya viazi.

Chemutai hakucheka. Aliona anajua sababu, nayo ilimuuma. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu vita vya tisini na mbili, watu wa pande hizi mbili, Wakipsigis na Wajaluo, walipofukuzana na kuchomeana nyumba. Hakuna aliyeyataja mambo hayo sokoni, lakini hakuna aliyeyasahau. Bila shaka mama huyu aliona heri mvua kuliko kulala chini ya kitu kilicholetwa na Mkipsigis.

Akamwendea na kuchuchumaa mbele yake.

"Mama, mvua inakuja. Twende ndani."

"Hapa ni sawa, nyathina," Wilkista alisema kwa upole, akimwita "mtoto wangu" kwa Kijaluo. "Wewe endelea na kazi."

"Mama, kama ni sisi Wakipsigis ndio hutaki, sema tu. Nitatafuta mtu mwingine akuingize."

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nani amesema hivyo?" aliuliza, kisha akatupa jicho upande wa nyuma wa hema.

Chemutai aliinuka amekasirika. Akazunguka nyuma ya hema akijisingizia anakaza kamba, na huko karibu amkanyage Phelix, ambaye alikuwa ameketi kwenye nyasi, suruali imelowa hadi magotini.

"Na wewe unafanya nini huku?"

"Nangoja mama aingie," Phelix akasema. "Nimekaa huku ndio aone mimi siko ndani. Na yeye anakaa pale mbele ndio mimi niingie kwa watoto."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Madam, mtu hawezi lala nyumba moja na mama mkwe. Kwetu haiwezekani. Alikuwa analala kwa jirani, lakini hiyo nyumba pia imeanguka. Na hata mimi nikienda mbali, hii tenti ni yangu. Imeandikwa jina langu, ndio maana anakataa."

"Sasa mbona hamkusema?"

Phelix alikuna kichwa. "Ulikuwa umeandika vizuri sana. Tuliona aibu kukuharibia."

Chemutai alitaka kucheka, lakini uso wa Phelix ulimzuia.

"Na kuna ingine," Phelix akaendelea, sauti imeshuka. "Ukuta ulipoanguka mama alikuwa ndani anaosha mtoto. Mimi ndio nilimbeba mgongoni nikamtoa. Nilimshika mama ya bibi yangu na hizi mikono. Hajaniangalia tangu hiyo siku."

Chemutai aliona aibu iliyomfika hadi kwenye masikio. Siku mbili nzima alikuwa amemhukumu mama wa watu, na kosa lilikuwa lake na kalamu yake. Mahema mengine sita yalikuwa yamejaa waume na wake na watoto, hakuna pa kumpenyeza mtu. Akasimama akifikiri, kisha akafungua aproni yake ya plastiki, ile ambayo mchumaji hujifunga ili umande wa majani usimloweshe.

"Janeffer, leta sindano ya magunia," aliita. "Na kila mtu avue aproni."

"Na kesho tutachuma na nini?"

"Tutalowa."

Wakazishona kwa kamba ya katani, aproni kumi na nne. Phelix alikata miti na kuileta, akiiweka chini mbali kidogo na kugeuza uso kila mara. Tone la kwanza lilipoanguka walikuwa wanafunga kona ya mwisho, na Mama Wilkista akaingia kwenye kibanda chake akiwa mkavu.

Phelix alibaki amesimama hatua nne hivi kutoka hapo, amewapa mgongo, mvua ikimpiga.

"Chemutai," mama aliita kwa sauti ya kusikika hadi kiwandani. "Mwambie baba ya watoto aingie kwake."

"Anasema uingie," Chemutai akamwambia, ingawa alikuwa ameshasikia.

"Mwambie mama anisamehe. Nilimshika."

"Mama, anaomba umsamehe."

Ndani mama alikohoa.

"Mwambie mimi nilizaa vijana wawili," mama akasema polepole, "na wote nikazika wakiwa wadogo. Nilikuwa nimejua sitawahi bebwa na kijana wangu."

Chemutai alifungua mdomo apeleke ujumbe. Haikuhitajika. Phelix alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika. Kisha akajifuta, akainama, akaingia kwa watoto wake.