Kiti cha Sentimita Arobaini

...na bado anapiga mluzi, mtu mzima na mvi zake, anakaza skrubu ya stendi ya kamera huku anapiga mluzi kama fundi aliyelipwa kabla ya kazi, wakati mimi nimesimama hapa na saa ya kuhesabia mkononi na najua ninachokijua, kwamba kile kiti pale katikati ya sebule leo si cha sentimita arobaini, na si leo tu, na aliyekipandisha hakutoka mbali... "Mama Chiriku, mwanga uko sawa hapo?" ananiuliza mume wangu, namwambia uko sawa, mwanga hauna neno, wenye neno ni watu, hilo la mwisho nalimeza, maana nimeamua leo sisemi, leo natazama tu, miaka kumi na minne ya kusimamia mitihani imenifundisha kwamba mwizi humkamati kwa kelele, unamwacha, unajifanya unaangalia dirishani, mpaka akishike kile kikaratasi kwa mkono wake mwenyewe, ndipo unamwambia simama... Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi, kiti kile kile cha sentimita arobaini, ukuta ule ule mweupe, bukta ile ile ya bluu, watafiti wa dawa walitaka kila kitu kifanane ili kinachobadilika kiwe mtoto peke yake, na binti yetu ameshakaa, mikono ameikunja kifuani, anangoja aambiwe anza ainuke bila kushika popote, mimi nihesabu sekunde, baba yake arekodi, na dada wa mazoezi, huyu anayemnyoosha viungo mara mbili kwa wiki, asimame pembeni amdake akiyumba, kisha atie sahihi kwamba ameona kwa macho yake, macho gani hayo, mwezi wa tatu sasa anatia sahihi juu ya kiti kilichoota kimo, kiti kinachompunguzia mtoto kazi ya kuinuka... kazi ya dakika tano, na kwa dakika tano hizo watu tunanyamaza humu ndani kama kuna mgonjwa mahututi, ingawa mgonjwa ndiye mwenye kelele kuliko wote, ndiyo maana tulimwita Chiriku, alianza kusema kabla ya kutambaa, kutambaa kwenyewe hakukuja, tukaambiwa anachelewa tu, anachelewa tu, msubirini, halafu siku moja daktari akachora duara mbili kwenye karatasi akasema nakala mbovu moja ya jeni kwa baba, nakala mbovu moja kwa mama, kwa hiyo tumegawana sawa, angalau hapo hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Kumi na tano, ndiyo mstari wenyewe, akiinuka chini ya sekunde kumi na tano anaingia kwenye majaribio ya dawa yanayoanza baada ya miezi miwili, akizidi haingii, walisema kwa upole sana, misuli ikishafika huko dawa haina cha kuokoa, na ule mstari tuliupokea sisi wenyewe, sisi wazazi, mume wangu mwenyekiti wa taasisi tuliyoianzisha kwa ajili ya watoto wa ugonjwa huu wa misuli na mimi katibu, tukainua mikono juu kama wanafunzi wazuri, wakati huo Chiriku alikuwa anainuka kwa sekunde nane huku anasimulia habari za paka wa jirani, nani angeiogopa kumi na tano... kisha tisa, kisha kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne, tena kumi na nne, nikaacha kula, halafu miezi mitatu iliyopita, kumi na tatu, na mwezi uliofuata kumi na mbili, na uliopita kumi na mbili tena, na mume wangu alicheza, Mungu ni shahidi, alicheza hapa sebuleni na soksi zake, akapiga simu kwa ndugu zake wote, na mimi nilicheka pia, nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini usiku nililala na swali, maana ugonjwa huu haujui kurudi nyuma, tuna watoto arobaini na mmoja kwenye daftari letu, tumewatafuta nchi kwa nchi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi nyuma, kwa nini wetu, kwa nini yule ambaye taasisi ina jina lake... "Chiriku, mabega chini mama, usijikaze," anasema dada wa mazoezi, "sijajikaza," anasema mtoto, basi, neno moja, na leo asubuhi nilipokuwa nakifuta hiki kiti vumbi mto wake ukanigomea mkononi, mgumu, una vinundu, na ile nafasi chini ya ubao wa mwisho wa mgongo, nafasi ya kupitisha kidole gumba ambayo nimeifuta miaka miwili, haipo, imefunikwa, nikavuta zipu ya foronya nikatia vidole, nikatoa fulana, fulana ya Chiriku ya miaka minne, nyingine nyuma yake, na nyingine, nikazirudisha, nikafunga zipu pale pale nilipoikuta, nikakiweka kiti kwenye alama zake za utepe sakafuni, nikaenda jikoni nikanywa maji glasi mbili, nikasema leo, leo nataka nimwone uso wake anaporekodi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, maana ni nani mwingine, dada wa mazoezi ana wateja wake wengine, hana cha kupata hapa isipokuwa chai na sahihi, lakini huyu, mpimaji wa ardhi aliyeacha vigingi na darubini zake ili awe mwenyekiti wa watu wote, huyu anayesimama kwenye kumbi na kusema "kila mtoto mwenye ugonjwa huu ni mwanangu" mpaka watu wanatoa leso kufuta machozi, atasema nini siku mtoto wake mwenyewe akibaki nje ya mlango, atazungumza na nani, atavaa lile koti lake la mikutano kwenda wapi... na nikimuuliza kitu ananiambia Mama Chiriku, ukimchunguza sana bata hutamla, vizuri, mimi leo sina njaa ya bata, nataka manyoya yote mezani... na hasira yangu haiishii kwenye kiti, wacha niseme ukweli japo ni moyoni, hasira ni Mama Pacha, kwa sababu mwaka jana huyo mama wa pacha wawili waliokuwa kwenye daftari letu alituletea picha za video za mdogo ameinuka vizuri kupita kiasi, nikazirudia mara kumi, nikaona kiwiko kinapotea nje ya picha, anaegemea kitu, nikampigia simu, akalia, akasema wallahi dada yangu sijui, nilikuwa nimeshika simu natazama uso wake, sikuona mkono, na mimi nikamwambia kwa ile sauti yangu ya darasani, mtoto hadanganyi peke yake, mama, nyuma ya mtoto kuna mzazi, nikawafuta kwenye daftari wote wawili, mkubwa na mdogo, kwa sababu namba moja ya uongo inaharibu namba za watoto wote, dawa itaonekana haifanyi kazi kumbe inafanya, ama inafanya kumbe haifanyi, hiyo ni kanuni na kanuni niliiandika mimi, na mume wangu aliisoma akasema safi, safi sana, umeiweka wazi, na huyo huyo leo... "Baba Chiriku," namwita, sikukusudia, sauti imetoka yenyewe, "ulikipima kiti?" ananyanyua kichwa, ananiangalia, hana wasiwasi hata kidogo, "nilikipima siku ya kwanza si tulikuwa wote? Kiti hakikui, mke wangu," anacheka, dada wa mazoezi naye anacheka, mimi namtazama mdomo, natafuta pale pembeni ambapo uongo hujificha, sioni, ama ni hodari kuliko nilivyodhani ama...

Ama nini, hebu fikiri vizuri mwalimu, fulana zile ulizikutaje, zilikuwa zimeviringwa, vidonge vidonge, zimesukumwa upande mmoja tu wa mto, zipu imefunguliwa vidole vitatu ikaishia hapo, na mume wangu ni mtu wa kukunja leso kwa pembe nne, mtu anayepima kabla ya kupigilia msumari wa kalenda, angetaka kukipandisha kiti angekata ubao, angeupiga msasa, angeutia katikati na asingeacha nundu hata moja, halafu fulana zenyewe angezipata wapi, huyu ambaye soksi zake mwenyewe huniuliza ziko wapi, hajui kwamba sikuzigawa, hajui kwamba nimezificha kwenye droo ya chini kabisa ya kabati la mtoto, hakuna anayejua, hakuna anayeifikia ile droo kwa urahisi isipokuwa mtu aliyelala sakafuni, mtu ambaye kila jioni analazwa sakafuni kwenye mkeka wake wa mazoezi na kuachwa robo saa apumzike... hapana... robo saa, mlango umerudishwa, na ninamsikia anaimba humo ndani, nasema ah, Chiriku leo ana furaha... hapana, hapana, na huo mto wenyewe anaomba awekewe kichwani, kila jioni anaomba, nipe mto wa kiti mama, ni laini, na mimi nampa kwa mikono yangu hii... na leo tangu nimemvalisha hajasema kitu, huyu ambaye hata kwenye sindano husimulia, nikadhani ni joto, nikadhani baba yake amemtisha, nimemtazama baba, nimemtazama dada wa mazoezi, nimekitazama kiti na ubao na utepe, na yeye, mwenye mtihani, sikumtazama hata mara moja, na anayechungulia hatazami karatasi, hutazama msimamizi, mimi huyu ndiye nafundisha walimu wapya maneno hayo, na sasa nainua macho na Chiriku ananitazama mimi, si kamera, si sakafu, mimi, hajapepesa, tangu lini ananitazama hivyo... ameniona asubuhi, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, ameniona natoa, ameniona narudisha, anajua kwamba najua, anangoja tu nimfanye nini.

Mungu wangu, heri angekuwa baba yake. Na ni mimi, sitafuti mwingine tena, ni mimi niliyekuwa namwogesha siku ile, miezi kama minne imepita, ilikuwa siku alipopata sekunde kumi na nne mara ya pili, akaniuliza, mama, nikizidi kumi na tano taasisi itafungwa? na Baba atafanya kazi gani? na wewe utalia? na mimi nina haraka, nina barua za watu za kujibu, maji yanapoa, nikamwambia huzidi wewe, huwezi kuzidi, wewe ndiyo taasisi yenyewe, nikambusu utosini nikaona nimemtia moyo, nikaenda zangu, nilimpa mtoto wa miaka tisa nyumba nzima aibebe na baba yake na mama yake na watoto arobaini wa watu, kwa miguu ile... sekunde kumi na mbili zile alikuwa anatuinua sisi, anajiburuta mpaka kwenye droo, anaviringa, anasukuma, moja moja kidogo kidogo nisihisi mkononi, vidole vyake havina nguvu ya kufunga kifungo, zipu ile amehangaika nayo muda gani, jioni ngapi, anaimba ili nisisikie... na mto ukitolewa fulana atazidi kumi na tano, najua, nimejua kabla ya leo, nimembeba najua uzito unavyoniegemea, na ukiachwa namba ya uongo inakwenda na jina lake juu, na yule mdogo wa pacha pengine aliegemea peke yake, pengine naye aliulizwa kitu kwenye beseni akajibiwa kwa haraka, na mama yake akala kiapo cha kweli nikamfuta... "Haya, tuko tayari?" mume wangu anasema, taa nyekundu ya kamera inawaka, "Mama Chiriku, tunakungoja wewe," kidole changu kiko juu ya kitufe na nafungua mdomo, nataka kusema zima kamera, nataka kusema njoo hapa mwanangu, si lazima uinuke, hujawahi kuwa kazi yetu, lakini naufumba tena, dada wa mazoezi ananiangalia kwa mshangao, mume wangu anachungulia kutoka nyuma ya stendi, "vipi, kuna nini?" na Chiriku anaona nimekwama, anageuza shingo yake polepole kumwelekea baba yake na anasema kwa ile sauti yake ya kila siku, ya kujaza nyumba, "Baba, msimharakishe mama, hajamaliza kujiandaa," ananitetea, ananitetea mbele ya watu, mikono bado kifuani, bado amekaa, anangoja nimwambie anza.