Mmea wa Begani

Jumanne saa tatu asubuhi, mkaushaji wa sampuli za Idara ya Mimea alikuwa akibadilisha magazeti ya kukaushia yaliyolowa maji ya maua ya okidi, mwenzake alipomwambia kwamba ana jani lililoota shingoni. Alidhani limenasa tu kwenye kola. Alilivuta, bega likamuuma.

Hakuna aliyeshtuka. Kisiwa chao ni kikubwa na mimea yake ina maringo: upo unaoota kwenye jabali moja tu, upo unaokubali upande mmoja wa kilima na kuususa wa pili, na maelfu mengine hayajawahi kuonekana kwingine duniani. Mmoja kuchagua bega la mtu si neno.

Mkuu wa idara alikuja na lenzi, akahesabu majani matatu na ua la njano dogo kama kifungo cha shati, akatangaza kwamba mmea ni mpya kabisa.

"Usiogee sabuni, mzee," akasema.

Mkaushaji alikuwa kibarua hapo kwa miaka ishirini na sita. Kila Januari aliomba barua ya ajira, na kila Januari aliambiwa faili lake linatafutwa. Ilimkera mno, ila aliendelea kukaza mikanda ya mbao za kukandamizia majani.

Mmea ulipata faili siku hiyohiyo. Jumatano ukapewa namba, Alhamisi ukatangazwa mali ya taifa, Ijumaa ukapata mlinzi wake, mwenye ajira ya kudumu na bima ya matibabu. Mlinzi alimfuata mkaushaji hadi msalani, akasimama nje kwa adabu.

Mkaushaji alijipa moyo, akabisha hodi kwa mkuu.

"Na mimi je, bosi? Si mimi ndiye ninayeubeba?"

"Vuta subira, mzee. Vibarua ninao arobaini. Huu uko mmoja tu."

Alitoka kiubavuubavu, ua lisiguse mlango.

Jioni mkewe alimmwagilia bega kwa kikombe, mlinzi akishika taulo.

"Baba watoto, safari hii wamekuandika kweli?"

"Wameniandika. Nakala ya faili hiyo hapo mezani."

Mke akasoma kwa sauti: "Makazi: bega la kushoto. Hali ya makazi: chakavu."

Alipekua ukurasa mzima akitafuta jina la mumewe, hakuliona. Roho ilimuuma. Akaweka kikombe chini, akamwegemea mumewe bega la kulia, ambalo serikali haikuwa na shida nalo.